Gato ya mutu moja

Wengine katika kijitabu hiki wameandika juu ya mahari, juu ya matanga, juu ya majina ya mapacha. Hizo ni desturi kubwa, kila mtu anaziheshimu. Mimi nimechagua kitu ambacho wazee wengi hapa kwetu hawakubali hata kukihesabu kuwa desturi, nacho ni gato. Sisemi mandazi ya asubuhi wala mikate ya mafuta. Nasema gato ile kubwa ya chokoleti, ya tabaka mbili ao tatu, yenye krema katikati na juu, ambayo mtu anaipika siku nzima kwa ajili ya mtu mwingine mmoja tu, na jina la yule mtu linaandikwa pale juu.

Ndugu msomaji, usicheke. Neno hili limekwisha kugombanisha watu wazima. Swali lenyewe ni hili: mahali ambapo jirani hajui jioni atapika nini, je, ni haki kumpikia mtu mmoja chakula cha namna ile? Mzee mmoja wa hapa Iga Barrière alilijibu kwa kifupi mbele ya watu: «Chakula ya mutu moja, hiyo haiko chakula yetu.» Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Si kwa kumdharau, maana ni baba kwangu, lakini niliona kwamba amesema nusu ya kweli, na nusu ya kweli ikipigiwa makofi inakuwa sheria.

Kwanza tumpe haki yake. Bugali inawekwa katikati, sombe pembeni, na kama siku ni nzuri kuna samaki kutoka ziwa Albert. Tunanawa kwa beseni moja. Mtoto anafundishwa asikimbilie nyama kabla ya wakubwa. Mtu akipita njiani anaambiwa «Karibu tukule», na hakuna anayehesabu vichwa kabla ya kusema vile. Hapo ndipo kuna hekima kubwa: bugali haina hesabu. Akiongezeka mmoja, kila mkono unapunguza kidogo na mambo yanaendelea. Gato haiko vile. Gato inakatwa. Ukisha kuikata vipande 12, mtu wa kumi na tatu amekuwa shida. Mgeni wa ghafula, ambaye kwa bugali ni baraka, kwa gato anaharibu hesabu. Mzee anaona hilo, na anaogopa watoto wetu watajifunza kuwaona wageni kama hesabu iliyoharibika. Ana haki ya kuogopa.

Lakini si kweli kwamba sisi hatukuwa na chakula cha mtu mmoja. Kuku akichinjwa, firigisi ni ya nani? Hata mtoto wa miaka mitano anajua ni ya baba, na yule aliyeionja jikoni anajua vilevile ni fimbo ngapi. Mama aliyejifungua anapikiwa uji wake na supu yake, na hakuna anayemwambia agawe. Mukwe akija, kuna nyama ambayo ni yake, na watu wa nyumbani wanaizunguka kwa macho tu. Basi wazee wetu walijua vizuri sana kuandika jina la mtu juu ya chakula, ila walikuwa hawatumii krema.

Tofauti iko wapi? Nimefikiri sana juu ya hilo. Naona kwamba firigisi haimjui baba, inajua kiti cha baba. Baba akifa na kaka mkubwa akikalia kile kiti, firigisi inamfuata palepale, haitoi hata chozi. Supu ya mzazi ni ya kila mzazi. Ni vizuri hivyo, maana heshima inayofuata kiti haichoki na haina upendeleo. Lakini ina tundu moja kubwa: asiye na kiti hapati kitu.

Na vita imetuachia watu wengi wasio na kiti.

Nitoe mfano ninaoujua. Jina sitataja, kijiji ni kidogo. Kuna mama mmoja ambaye wakati wa vita ile ya 1999 mpaka 2003 alikuwa msichana bado. Dada yake alikufa, akaacha mtoto wa kike wa miaka miwili. Yeye alimfunga mgongoni akaenda naye Bunia, kiisha ng'ambo ya ziwa, Uganda, kiisha akarudi naye. Mwaka 2018, wakati wa vurugu mpya ya Djugu, walikimbia mara nyingine, sasa mtoto amekuwa mkubwa, ndiye anabeba mizigo. Yule mama hakuolewa. Siku ya mahari ya yule binti, watu walihesabu wajomba, wakahesabu shangazi, kila mmoja akapata chake sawasawa na kiti chake. Yeye alipewa kitenge. Kitenge kizuri, siwezi kusema uongo. Lakini katika hesabu yetu yote ya jamaa hakuna kiti kinachoitwa «yule aliyekubeba mgongoni». Yeye ni mama mudogo, basi.

Kumbuka pia chakula walichokula katika ile miaka. Katika kambi chakula kinatoka kwa jeton. Unapanga mstari, unaonyesha karata yako, unapewa unga, maharage, mafuta na chumvi kwa idadi ya vichwa vya nyumba yako. Nawashukuru waliotoa, bila wao wengi wangekufa. Lakini kile ni chakula ambacho hakimjui mlaji. Hata hapa kwetu, penye kizuizi, mambo ni karibu vile. Iga iko kaskazini mwa Bunia, kwenye njia ya kwenda machimbo ya Mongbwalu, na hilo neno Barrière ni Kifaransa, maana yake kizuizi cha barabara. Gari inasimama, mtu anauza mayai ya kuchemsha na muhindi wa kuchoma, gari inakwenda. Chakula cha kizuizi kina bei, mlaji hana jina. Mtu anaweza kula namna hii miaka 20, ameshiba ao hajashiba, bila chakula hata kimoja kusema: wewe.

Yule binti alikuwa amejifunza kupika gato Bunia, katika fuaye ya wamama. Siku moja akaamua kumpikia mama yake mudogo gato ya tabaka tatu.

Hapa niseme kidogo juu ya kazi yenyewe, maana wanaume wengi wanahukumu gato bila kujua inatoka wapi. Unga vikombe 4, sukari vikombe 3 na nusu, kakao kikombe 1 na nusu, mayai 8, margarini, maziwa ya unga, levire, yaani ule unga wa kuumusha, na chumvi kidogo. Furu hakuna. Unachukua sufuria kubwa, unamwaga mchanga mkavu chini, unaifunika na kuiweka juu ya makala mpaka mchanga ushike moto sawasawa. Kiisha unaweka ndani sufuria ndogo yenye donge, unafunika tena, na makala mengine unayapanga juu ya kifuniko, ili moto utoke pande mbili. Tabaka moja inachukua dakika 40 ao zaidi. Sufuria ni moja, basi tabaka tatu ni mara tatu. Ukichungulia mapema, hewa baridi inaingia kabla tumbo la gato halijashika, na gato inaanguka katikati kama paa la nyumba iliyoachwa. Na kuna jambo ambalo vitabu vya wazungu havitufikirii: nchi yetu iko juu. Bunia peke yake imepita mita 1,200 juu ya bahari. Kwa urefu huo maji yanachemka kabla ya kufika digri 100, na hewa iliyo ndani ya donge inavimba kwa haraka kuliko kule pwani. Ukiweka levire yote ambayo kitabu kinasema, gato inapanda kwa kiburi, kiisha inabomoka. Lazima upunguze kidogo, na kipimo unakijua kwa mkono wako mwenyewe baada ya kuharibu mbili tatu.

Kiisha tabaka zinaachwa zipoe. Zisipopoa, krema inayeyuka. Krema yenyewe inapigwa kwa mkono, kijiko cha mti, mpaka bega linauma.

Nasema haya yote kwa sababu moja. Sombe unaweza kuiacha motoni ukaenda kwa jirani kuomba chumvi, ukasikiliza na habari, ukarudi, haijakukasirikia. Gato haikubali. Saa zile zote unakaa pale na yule unayempikia yumo kichwani mwako, hupendi hata mtoto alie karibu na sufuria. Naona zawadi yenyewe ni zile saa. Sukari inanunuliwa na tajiri yeyote. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na mimi naona moyo wenyewe unapimwa kwa saa.

Gato ilipoletwa, ya rangi nyeusi, imeandikwa kwa krema nyeupe MAMA MUDOGO, yule mama aliangalia watu wote waliojaa pale, akauliza: «Nani amekufa?»

Wakamwambia hakuna.

«Basi nani anaolewa?»

Hakuna.

«Juu ya nini sasa?»

Binti akasema ni siku yake ya kuzaliwa. Mama akacheka, maana siku yake ya kuzaliwa haijulikani. Karata yake inasema mwaka tu, na mwaka wenyewe ulibahatishwa na karani. Binti akamjibu: «Ndiyo, mimi nimekuchagulia.» Hapo mama alinyamaza.

Angalieni yale maswali yake mawili. Kwa akili yake, chakula kikubwa kinataka kifo ao ndoa, yaani kinataka kiti kihame ao kiti kiongezeke. Kwamba watu wakusanyike na chakula kikubwa kwa sababu tu yeye yuko, hilo hakuwa na mahali pa kuliweka.

Kuna waliokasirika. Walisema na pesa ile angenunua mufuko wa unga, nyumba yote ile wiki. Hoja hiyo si ya kuchekwa, na ni ya zamani sana. Wasomaji wa Injili wanamkumbuka yule mwanamke wa Bethania na manukato yake ya dinari 300, karibu mshahara wa kibarua wa mwaka mzima, na wale waliouliza kwa nini yasiuzwe, maskini wapewe. Wahubiri wengi wanawacheka wale waliouliza. Mimi siwacheki. Swali lao ni la haki kabisa. Kosa lao, naona, ni kwamba walimuuliza yule mwanamke pesa zake siku ile moja tu aliyotoa, na siku nyingine zote hawakumuuliza mtu yeyote kitu. Vilevile hapa. Wale waliohesabu bei ya gato, sijawasikia wakihesabu chupa za bia zinazokwisha siku ya soko. Hesabu ya maskini inaletwa mbele ya mwanamke aliye na kijiko mkononi, haiendi nganda.

Hata hivyo kuna mpaka, nami niuseme wazi. Mwezi wa kukimbia, wakati jirani analala njaa na wewe unamsikia kupitia ukuta wa udongo, gato inakuwa tusi. Na haiwezi kufichwa. Bugali unaweza kuipika kimya, lakini harufu ya kakao na sukari inapita kila ua, inapita ndani ya kila nyumba yenye watoto. Kwa hiyo mpishi wa gato amekwisha kumgawia kila mtu kitu bila kupenda: amegawa hamu. Kwetu mtu uliyemfanya atamani, una deni lake kidogo. Ndiyo sababu sikubali kabisa mtu apike gato kubwa kiisha afunge mlango.

Sasa turudi kwenye kisu, maana hapo ndipo nusu ya pili ya kweli, ile ambayo mzee hakuiona. Gato ikiisha kuwekwa mezani, mpishi hakati. Mkubwa wa jamaa hakati. Anayekata ni yule ambaye jina lake limeandikwa. Mama mudogo alikataa mara mbili, akasema akate mjomba. Mjomba, kwa sifa yake, alirudisha mikono nyuma. Basi akashika kisu. Katika maisha yake yote alikuwa amepika kwa watu na kuletewa sahani, lakini kugawa mbele ya jamaa yote, kusema huyu kiasi gani na yule kiasi gani, hiyo ilikuwa kazi ya wenye kiti. Alikata vipande 31. Nilihesabu. Aliramba ile makombo ya kwanza kwenye kisu, kiisha akagawa mpaka mwisho, na yeye akabaki na kipande kilichovunjika.

Basi ile gato ya mutu moja iligawanywa vipande 31, na yule mmoja ndiye alikula kidogo kuliko wote. Firigisi baba anapewa, anakula, imekwisha. Gato ni chakula ambacho ukipewa unakuwa mtoaji saa ileile. Ulimpa mtu chakula, kumbe ulimpa mkono wa kugawa.

Kule kuramba kisu kwanza si jambo dogo katika Ituri yetu. Sitataja makabila, kila mtu hapa anajua. Tangu ile vita, sahani ya jirani ilianza kuogopwa. Watu wanapokea kwa tabasamu, kiisha wanamwagia kuku. Wazee walikuwa na dawa ya jambo hilo tangu zamani: anayekupa kinywaji anaonja mbele yako. Mama mudogo alionja mbele ya watu wote kutoka kitu kilekile kimoja, kwa kisu kilekile, na vipande viwili akavituma kwenye nyumba ambayo lugha yake ya jikoni si ya kwetu. Sijui kama wangekula bugali yetu siku ile. Gato walikula, watoto wao walikuja kuomba makombo.

Na sahani zilirudi. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, hilo halihitaji kuelezwa. Marcel Mauss, mwanachuo wa Ufaransa, aliandika kitabu juu ya zawadi mwaka 1925, akasema kwamba katika desturi za watu wengi wa dunia kuna lazima tatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Wamama wa Iga hawakumsoma, lakini zilirudi na chumvi, na mayai mawili, na ndizi. Kwa nani? Kwa mama mudogo, si kwa mpishi. Kwa maana hiyo gato ilimfungulia yule mama mlango wa kuwa mtu anayedaiwa na kudai na majirani, jambo ambalo kitenge cha mahari hakikufanya.

Lakini hapo hapo kuna hatari. Zawadi kubwa kupita nguvu ya kurudisha inamfunga mtu. Nimeona vijana wanaotumwa pesa kutoka Kampala ao Kinshasa wakimletea mzazi gato ya duka, ngazi tano, pamoja na mpiga foto. Mzazi anakaa nyuma ya gato kama mshitakiwa. Yeye atarudisha nini? Hata kukata anakatiwa, kwa sababu foto lazima itoke vizuri. Gato ya namna hiyo imeandikwa jina la mzazi, lakini imepikwa kwa ajili ya macho ya wengine. Za arusi nazo, mnazijua: siku hizi kuna ngazi zingine ambazo ndani ni karto, juu tu ndiyo krema, na mchango wake ulilipwa na watu ambao hawakupata hata kijiko. Ile nayo si chakula, ni ukuta uliopakwa rangi.

Wala kuandika jina peke yake hakutoshi. Kule Vienna, mwaka 1832, inasimuliwa kwamba kijana Franz Sacher alitengeneza gato ya chokoleti kwa meza ya waziri mkubwa Metternich. Hiyo ilikuwa firigisi tu, chakula cha kiti. Kule Marekani kuna gato ya chokoleti ya tabaka inayoitwa German, na wengi wanadhani ni ya Ujerumani. Kumbe German lilikuwa jina la mtu, Samuel German, aliyetengeneza aina ile ya chokoleti mwaka 1852, na gato yenyewe ilijulikana baada ya gazeti la Dallas kutoa mapishi yake mwaka 1957. Jina lake limo katika kila kitabu cha mapishi, na hakuna gato hata moja kati ya hizo iliyopikwa kwa ajili yake.

Kuna mtu mwingine pia ambaye jina lake halimo, naye yuko karibu nasi zaidi. Kakao si ya wazungu kwa asili. Ni mti wa Amerika, watu wa kule waliinywa na hata kuitumia kama pesa kabla Wahispania hawajafika. Ule unga tunaokoroga ulipata njia yake mwaka 1828, Mholanzi van Houten alipotengeneza mashine ya kukamua mafuta ya kakao. Lakini leo kakao inalimwa hapa hapa katika provensi yetu, Mambasa na upande wa Irumu, na kule Beni. Mbegu zinakaushwa, zinawekwa kwenye magunia, nyingine zinavuka Uganda, kiisha tunauziwa kopo la unga wa kakao lililotoka mbali. Mwaka 2024 bei ya tani moja katika masoko ya dunia ilipita dola 10,000. Na ni katika mashamba yale yale ambapo watu wamekatwa na mapanga ya ADF wakiwa wanavuna. Wakulima wengi wa kakao hawajaonja chokoleti. Yule binti alilijua jambo hilo, alinunua kopo hata hivyo. Nilipomwuliza, alisema kama tukiacha kupika, yule mkulima atapata nini? Jibu hilo halikunitosha. Kwake lilitosha kwa siku ile, na mimi nilikula kipande changu.

Sasa yule mzee wa makofi. Alikuwa pale. Alipokea kipande cha nane ao cha tisa, akala polepole, akaomba maji. Hakubadilisha neno lake, na sikutegemea abadilishe. Alisema tu kwamba kama ni hivyo, basi gato isiitwe zawadi, iitwe kazi, kwa sababu yule mama alichoka kugawa. Ni neno la kufikiriwa. Labda heshima yote ya kweli ni kazi unayopewa mbele ya watu wanaokuamini. Lakini asichukue nusu hiyo tena na kuifanya sheria. Mama mudogo alikuwa anacheka wakati anachoka.

Limebaki jambo moja ambalo lilileta mabishano siku ile, nami naliacha mbele ya wasomaji kama lilivyo. Katika vile vipande 31, kimoja mama mudogo alikifunga kwenye jani la ndizi, akakiweka pembeni, akasema ni cha dada yake. Yule aliyekufa, mama mzazi wa mpishi. Wengine, watu wa kanisa, walisema wafu hawali, apewe mtoto. Wengine wakasema kwetu tangu zamani kuna kinachomwagwa chini kwa ajili ya waliotangulia, lakini ni pombe, ao maziwa, haijapata kusikiwa krema ya chokoleti. Mjomba alisema kwamba kitu kisicho cha mababu hakiwezi kupelekwa kwa mababu, hawatakitambua. Binti akasema mama yake hakuwa babu wa mtu, alikufa na miaka 22, na vitu vitamu angevitambua. Mpaka saa tulipoachana kile kipande kilikuwa bado kiko juu ya kabati, ndani ya jani lake.